Pampu ya Hewa kwa Bwawa Dogo la Samaki: Usidanganywe na Lita za Katoni

Kuna jambo lililonikaa rohoni tangu likizo ya Aprili. Mwalimu mlezi wa chama chetu aliposema kila mwanachama alete makala ya kueleza jambo analolijua kwa undani, sikufikiri mara mbili. Wenzangu najua wataandika juu ya ukataji miti na dawa za kulevya, mambo mazito hayo. Mimi nitaandika juu ya pampu ya hewa. Msicheke. Mngekuwa nami asubuhi ile ukingoni mwa bwawa la mjomba, nje kidogo ya mji wa Kakamega, mkaona samaki tisini na wanne wakielea matumbo juu, mngenisikiliza kwa makini.

Bwawa lenyewe si kubwa. Lina urefu wa mita 10, upana wa mita 6 na kina cha mita 1, limetandikwa karatasi nzito ya nailoni ili maji yasinywewe na udongo. Ukizidisha utapata mita za ujazo 60, yaani lita 60,000 za maji. Mjomba alitia tilapia 300 humo. Wakati huo kila mmoja alikuwa amefika gramu 200 hivi, na ilikuwa wauzwe kabla ya kufungua muhula wa pili ili pesa zangu za chakula cha mchana shuleni zipatikane. Hapo mnaona ya kwamba samaki hawa hawakuwa wa kutazamwa tu.

Siku moja kulikuwa na wingu zito tangu asubuhi, na alasiri mvua ikanyesha kama ilivyo ada ya huku kwetu. Usiku tukalala. Saa kumi na mbili asubuhi mjomba akapiga ukemi. Nilitoka mbio bila viatu. Tilapia wakubwa walikuwa wameshakufa, na wale waliosalia walikuwa wamepanga midomo juu ya maji wakigugumia hewa mithili ya watu wanaomeza uji wa moto. Mjomba akasema ni sumu. Akamtaja jirani fulani waliyegombana kuhusu mpaka, akachukua rungu. Ilibidi shangazi amshike mkono.

Alhamdulillahi, afisa wa uvuvi alifika kabla ya mambo kuharibika. Alitia mkono majini na kabla maji hayajafika kiwiko vidole vilikuwa havionekani, kwa jinsi maji yalivyokuwa kijani. Akauliza: "Wamekufa wakubwa au wadogo?" Tukamwambia wakubwa. "Wamekufa alfajiri?" Naam. "Jana kulikuwa na jua?" La. Akamgeukia mjomba, akamwambia aweke rungu chini kwa sababu hakuna mtu aliyemwaga sumu. Samaki walikosa pumzi.

Kabla sijafika kwenye pampu, acheni nieleze jambo hili la pumzi, maana asiyelielewa atanunua pampu kama tulivyonunua sisi ile ya kwanza.

Ule ukijani wa maji ni mwani, mimea midogo sana isiyoonekana mmoja mmoja kwa macho. Mchana mwani hufanya kazi ile ya majani tuliyoisoma katika bayolojia: hutumia mwangaza wa jua kujitengenezea chakula na kutoa oksijeni majini. Jua likitua kazi hiyo inakoma, lakini mwani unaendelea kupumua. Matope yaliyo chini, yenye mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki, nayo yana bakteria wanaopumua usiku kucha. Hivyo basi bwawa ni kama mtu anayepokea mshahara mchana na kuutumia usiku. Oksijeni huwa nyingi zaidi jioni na chache zaidi alfajiri kabla ya jua kuchomoza.

Tufanye hesabu, msiogope ni ya Kidato cha Tatu. Kilo moja ya tilapia hutumia takriban gramu 0.3 za oksijeni kwa saa. Mjomba alikuwa na kilo 60 za samaki, kwa hivyo gramu 18. Mwani na matope tuyakadirie gramu 24 kwa saa katika maji yale ya kijani kibichi. Jumla ni gramu 42 kila saa. Angalieni ya kwamba samaki wenyewe hawatumii hata nusu! Mlaji mkubwa ni ule uchafu tuliouona ni rutuba.

Siku ya jua kali, bwawa kama hilo laweza kufika jioni likiwa na miligramu 10 za oksijeni kwa kila lita. Zidisha kwa lita 60,000 upate gramu 600. Toa 42 mara saa 12 za usiku, yaani 504. Zinabaki gramu 96, sawa na miligramu 1.6 kwa lita. Hapo tilapia anahema lakini anaishi, maana ni samaki mvumilivu kuliko wengi. Sasa chukua siku ya wingu. Mwani haukufanya kazi ya maana, jioni maji yana miligramu 7 tu, yaani gramu 420. Gawa kwa 42. Unapata saa 10. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hesabu saa 10 mbele: saa kumi alfajiri akiba imekwisha kabisa, na jua bado saa mbili nzima. Nilipomwonyesha mjomba karatasi hii alinyamaza muda mrefu, kisha akaenda kumsalimia jirani.

Ndugu msomaji, sasa tuingie dukani.

Mjomba alipanda matatu hadi mjini akaingia katika duka moja na kuomba pampu ya hewa ya samaki. Muuzaji akampa kipampu kidogo kinachotoshea kiganjani, kimeandikwa lita 8 kwa dakika. "Hii ni ya samaki, mzee." Kweli ilikuwa ya samaki, lakini samaki wa yale matanki ya kioo ya kurembesha sebule! Tulifunga mpira, tukafunga jiwe la hewa mwishoni, tukalitupa katikati ya bwawa, tukawasha. Kikanguruma vizuri. Tukatazama maji. Hakuna kiputo hata kimoja. Mjomba akakitikisa, akakipuliza, akakipiga kofi. Wapi! Nikaanza kuvuta mpira polepole kuelekea juu. Jiwe lilipofika kama nusu mita kutoka juu, viputo vikaanza kutoka vidogo vidogo. Nikilishusha, vinakata. Nikilipandisha, vinarudi.

Hapo ndipo lile somo la fizikia, ambalo wengi wetu tulilikariri kwa ajili ya mtihani, lilinijia kama umeme. Presha katika maji ni kina mara uzito wa ujazo mara mvutano wa dunia. Mita 1 mara 1,000 mara 10 ni paskali 10,000, yaani kilopaskali 10. Pampu inayopeleka hewa mita 1 chini ya maji ni lazima kwanza isukume yale maji yaliyojaa kwenye mpira yatoke, na kwa hiyo iwe na nguvu ya zaidi ya kilopaskali 10. Ile yetu ilikuwa na kama 5. Hata ungeiacha ikanguruma mwaka mzima isingetoa kitu.

Ni kwa sababu hiyo nasema swali la kwanza dukani ni la kina. Zile lita zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye katoni aghalabu ni lita za pampu inayopuliza hewani bila kuzuiwa na chochote. Kadiri unavyoishusha chini ndivyo lita zinavyopungua, mpaka zinafika sufuri. Pampu nzuri huja na karatasi yenye mchoro au jedwali linaloonyesha lita ngapi kwa presha gani. Mwambie muuzaji akuonyeshe. Akikosa, tafuta kwenye kibati kilichobandikwa ubavuni mwa pampu, mahali palipoandikwa kPa au bar, na ukumbuke kwamba bar 0.1 ni kilopaskali 10. Kama hakuna namba yoyote ya presha, mimi ningetoka kwenye duka hilo.

Na usihesabu kina peke yake. Jiwe au kisahani cha kutawanyia hewa kina upinzani wake, na mpira mrefu mwembamba nao una wake. Sisi tuliweka visahani vyetu juu ya matofali, sentimita 20 kutoka chini, hivyo maji yaliyo juu yake ni sentimita 80: kilopaskali 8. Visahani vya mpira vinahitaji kama 3 zaidi ili vitundu vyake vifunguke. Mabomba tukayapa 1. Jumla 12. Tukatafuta pampu inayotoa lita tunazotaka ikiwa kwenye kilopaskali 15, ili ibaki na akiba visahani vikianza kuziba.

Sasa, lita ngapi? Hapa ndipo watu hudhani viputo vingi ni oksijeni nyingi. Tuone. Kakamega iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kidogo kuliko ya Mombasa, na lita moja ina uzito wa gramu 1 hivi. Katika gramu hiyo, oksijeni ni kama gramu 0.23. Pampu ya lita 80 kwa dakika hupuliza lita 4,800 kwa saa, yenye oksijeni gramu 1,104. Zaidi ya kilo moja kila saa! Mtu angesema bwawa limepona. Lakini kiputo hakikai majini, kinakimbilia juu na kupasuka. Viputo vidogo sana katika maji safi huacha takriban asilimia 6 tu ya oksijeni yake kwa kila mita vinayopanda. Kwa sentimita 80 ni chini ya asilimia 5, gramu 53. Na hizo 53 ni pale maji yanapokuwa hayana oksijeni kabisa. Maji yakiwa yamebaki na nusu ya kile yanachoweza kubeba, yanapokea nusu: gramu 26 hivi. Yakiwa yameshiba hayapokei kitu. Ni kama mtu na ugali.

Baada ya msiba tulibaki na samaki 206, kilo 41 hivi, wanaotumia gramu 12. Ongeza zile 24 za mwani na matope upate 36. Pampu inatoa 26 oksijeni ikiwa nusu, na kadiri oksijeni inavyozidi kushuka ndivyo maji yanavyopokea kwa pupa zaidi, mpaka kunako miligramu 2 kwa lita mapato na matumizi yanalingana na maji yanagoma kushuka tena. Miligramu 2 si raha, tilapia anapenda zaidi ya 3, lakini haui. Tena viputo vinapopanda huvuta maji ya chini na kuyaleta juu, na juu hapo yanakutana na hewa bure. Faida hiyo sikuitia katika hesabu. Pampu ya lita 40 ingetupa nusu tu ya gramu hizo, na usiku wa wingu isingetosha. Kwa hivyo tulichagua 80. Kwa bwawa lako piga hesabu yako, usinakili yangu kama mnavyonakili kazi ya ziada ya hisabati asubuhi.

Kuhusu aina ya pampu, iliyotufaa ni ile ya kiwambo. Ndani yake kuna sumaku inayotikiswa na umeme wa stima, nayo inasukuma na kuvuta viwambo viwili vya mpira kama ngoma inayopigwa pande zote mbili. Haitumii mafuta, kelele yake ni ya nyuki, na hula umeme mdogo: kwa pampu za aina hii kadiria wati 1 kwa kila lita 1 ya hewa kwa dakika, zaidi au pungufu kidogo. Viwambo huchakaa na kupasuka, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza kama vya kubadilisha vinauzwa. Pampu isiyo na vipuri ni jiwe tu.

Fundi mmoja wa pale kwenye gereji alimshauri mjomba achukue kompresa ya kujazia magurudumu upepo, ati ina nguvu. Ina nguvu kweli, kilopaskali 800, na sisi twahitaji 12. Ni sawa na kumtuma lori akulete mkate. Ile ya nguvu za farasi 2 hula karibu wati 1,500, kwa usiku wa saa 8 ni yuniti 12, hali yetu ya wati 75 hula yuniti 0.6. Wewe zidisha kwa bei ya tokeni zenu. Isitoshe kompresa nyingi za gereji hutoa hewa yenye mvuke wa mafuta, na hazikuundwa kwenda usiku kucha bila kupumzika. Zipo pia mashine za feni zinazopuliza hewa nyingi mno kwa presha ndogo. Hizo ni za mahali penye matanki mengi ya kina kifupi, kama vituo vya kuzalisha vifaranga vya samaki. Bwawa moja la nyumbani haliziwezi.

Tukirudi kwenye kitu cha kutawanya hewa, hapa pia tulifanya kosa, na kosa hili ni langu. Ili kuokoa pesa nilichukua bomba la plastiki, nikapasha msumari moto na kulitoboa matundu. Likatoa mapovu makubwa ya kupendeza, maji yakachemka kama sufuria ya maharagwe. Majirani wakaja kutazama! Lakini kiputo kikubwa hupanda kwa kasi na eneo lake la kugusana na maji ni dogo ukilinganisha na hewa iliyomo. Chukua kiputo kimoja cha milimita 10, ukigawe katika viputo vya milimita 2. Utapata 125, na ngozi yao kwa jumla ni mara 5 ya kile kimoja. (Anayebisha atumie fomula za tufe.) Kwa viputo vikubwa unapata kama theluthi tu ya oksijeni ya viputo vidogo, kwa pampu ile ile na umeme ule ule. Hivyo bomba langu lilikuwa linaigeuza pampu ya lita 80 kuwa kama ya 27.

Mawe ya hewa hutoa viputo vidogo, ni rahisi kupatikana, na kwa tanki ni sawa. Katika maji ya kijani huota utelezi na kuziba baada ya majuma machache, na pampu inapozimwa maji ya matope huingia ndani ya vitundu vyake. Visahani vya mpira ni ghali zaidi lakini vina hila moja niliyoipenda: vitundu vyake ni vipasuo vidogo vinavyofunguka hewa inaposukuma na kujifumba hewa inapokatika. Matope hayaingii. Tulinunua viwili, kila kimoja upana wake kama sahani ya kulia wali. Viwili ni bora kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu hewa inagawanyika na maji yanazunguka sehemu mbili za bwawa. Ila vyote viwekwe kina kimoja. Kimoja kikiwa juu kuliko kingine, hewa yote hukimbilia kile cha juu, maana hewa nayo hupenda njia rahisi kama sisi. Kama ardhi ya bwawa si tambarare, funga kijibomba chenye koki kwa kila kisahani uwe unapunguza na kuongeza.

Usivilaze juu ya matope. Vitatimua taka zote juu, na matope hayo yakikorogwa hula oksijeni ile ile unayoileta. Ndiyo maana ya matofali. Na ikiwa bwawa limekaa muda mrefu bila kukorogwa, siku ya kwanza washa dakika chache tu, kesho zidisha, keshokutwa zidisha tena. Maji ya chini kabisa huwa yameoza na yana ile harufu ya mayai viza. Ukiyapandisha yote kwa mpigo unaweza kuua samaki kwa dawa uliyowanunulia.

Pampu yenyewe iwe juu ya usawa wa maji. Hili ni muhimu kupita linavyosikika. Stima ikipotea, na mwajua jinsi inavyopotea, maji hupanda kwenye mpira na yakikuta pampu iko chini yatateremka hadi ndani ya mashine na kuiua. Sisi tuliitundika kwenye ukuta wa ghala na kufunga vali inayoruhusu hewa kwenda na kuzuia maji kurudi. Isinyeshewe, isipigwe jua, isifungiwe kwenye sanduku lisilo na tundu, maana joto huharibu viwambo. Mjomba alitaka kuiweka kwenye banda la kuku kwa kuwa kuna soketi pale. Nikakataa. Pampu hunywa hewa iliyo karibu nayo, vumbi la kuku lingeziba kichujio chake kwa siku tatu. Mpira mkuu kutoka pampuni usiwe ule mwembamba wa matanki ya kioo, tumia wa nusu inchi.

Wengi huniuliza iwashwe saa ngapi. Mchana wa jua hakuna haja, bwawa lenyewe latengeneza oksijeni, na likipita kiwango cha kushiba viputo hata huiondoa. Sisi twawasha saa nne usiku na kuzima saa kumi na mbili asubuhi. Siku ya wingu twawasha mapema, na hatuwapi samaki chakula cha jioni, kwa sababu chakula kisicholiwa huenda kuongeza wapumuaji kule chini.

Ambaye hana stima atauliza juu ya sola. Inawezekana, lakini hesabu ni kali. Wati 75 kwa saa 8 ni wati-saa 600. Betri ya kawaida ya volti 12 na saa-ampea 100 ina 1,200, na betri za risasi hazifai kushushwa chini ya nusu, basi umefika mpaka wake usiku wa kwanza kabla hata hujahesabu kinachopotea kwenye mashine ya kubadili umeme. Afadhali ununue pampu inayotumia volti 12 moja kwa moja. Na kumbuka ya kwamba usiku unaoihitaji pampu zaidi ni ule uliofuata siku ya wingu, ambayo paneli nayo haikushiba.

Nisiwe mwongo: pengine huhitaji pampu hata kidogo. Mwaka 2009 serikali ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi, mabwawa ya mita mraba 300 yalichimbwa katika maeneobunge mengi na kutiwa samaki kama 1,000 kila moja, yaani 3 kwa mita mraba, wala hayakuwa na pampu. Mjomba alitia 300 katika mita mraba 60, ambayo ni 5. Nilipomwambia hivyo alisema vifaranga vilikuwa vidogo, vilionekana vichache. Ukitia samaki wachache, ukalisha kwa kiasi, na maji ukayaangalia yasizidi ukijani, bwawa hujitegemea. Anayefuga kambare peke yake pia ana nafuu, kwa vile kambare ana kiungo cha kumwezesha kuvuta hewa ya juu moja kwa moja. Pampu ni ya yule anayetaka samaki wengi mahali padogo, na anayetaka hivyo ajue kuwa stima ikikatika usiku wa manane ni yeye na ndoo, kuchota na kumwaga kutoka juu hadi kukuche. Tumefanya hivyo usiku mmoja mimi na binamu zangu. Mikono iliuma juma zima lakini hakufa hata mmoja.

Neno la mwisho ni namna ya kupima kama pampu inatoa lita ulizolipia. Chukua ndoo ya lita 10, ijaze maji ukiwa bwawani, ipindue mdomo ukielekea chini juu ya kisahani, karibu na uso wa maji, na mwenzako ashike saa. Hewa itaingia na kusukuma maji nje. Shika kwa nguvu, maana ikijaa hewa ndoo itakusukuma juu kama mzigo wa kilo 10 uliogeuzwa, Archimedes hakutudanganya. Kwetu kila kisahani kilijaza ndoo kwa sekunde 17. Hiyo ni lita 35 kwa dakika, na kwa visahani viwili ni 70. Kibati kilisema 80. Mjomba akataka kuirudisha dukani, nikamwambia kwa pampu iliyo kazini chini ya maji 70 si haba.

Twapima kila mwezi. Mwezi uliopita ilichukua sekunde 21. Tukavitoa visahani, tukavisugua kwa brashi laini na maji, tukavirudisha juu ya matofali. Zikarudi 17.